Sumaku ya Nyota Pweke

Setelaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ina jina la Kiswahili: Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibidi iwe juu kabisa, maana angahewa ya dunia humeza eksirei za nyota. Mwaka 1971 ilinasa Centaurus X-3, mionzi yake ikipiga kila baada ya sekunde 4.8. Ilikuwa nyota ya nyutroni inayofyonza gesi ya nyota jirani.

Nyota ya namna hii ni kiini kinachobaki nyota kubwa ikilipuka. Imebeba maada nyingi kuliko Jua, ilhali kutoka kitovu hadi usoni ni kama kilomita 12, pungufu ya safari ya basi la mwendokasi jijini Dar es Salaam kutoka Feri hadi Kimara.

Mimi huvutiwa zaidi na zile pweke, zisizo na jirani wa kuzilisha. Eksirei zake hutoka kwenye joto la uso wenyewe. Mwaka 2002, wataalamu waliotumia darubini ya eksirei ya Chandra walieleza kuwa spektra, yaani mgawanyo wa mionzi kwa nishati, ya mojawapo ya nyota hizo, 1E 1207.4-5209, ina mabonde mawili: kwenye kiloelektronivolti 0.7 na 1.4. La pili ni maradufu ya la kwanza, na hapo ndipo penye siri. Ndani ya uga mkali wa sumaku, elektroni huzunguka kwa kasi maalumu na kumeza eksirei za nishati inayolingana na mzunguko huo, pamoja na maradufu yake. Uga ukizidi, bonde husogea kwenye nishati kubwa zaidi. Kwa hesabu hiyo, nyota hii ina uga wa kama gausi bilioni 80. Dunia yetu ina kama nusu gausi tu.

Lakini je, kama zinazomeza ni protoni? Uga ungekuwa mkubwa zaidi ya mara elfu. Jibu lilitoka kwingine: mzunguko wa nyota hupungua kasi kadiri sumaku yake inavyoukaba, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2013 vilitoa gausi bilioni 98. Ni elektroni.

Nyota nyingine pweke, RX J1856.5-3754, haijakubali kusomeka hivyo. Iko karibu, miaka ya nuru kama 400, uga wake unakadiriwa kuwa gausi trilioni 10 hivi, lakini spektra yake ni laini, haina bonde. Baadhi ya wataalamu wanaona uga wenyewe umezifunga atomi pamoja hadi uso ukagandamana, pasibaki gesi ya kutosha juu yake ya kuchonga mabonde.