Sarafu ya Dhahabu: Tununue Dhahabu, au Tununue Daraja?

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita Ilula kabla hajaufikia mji wenyewe. Hapo kando ya barabara kuu hukuta matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu yakingoja wanunuzi. Wakulima wa Ilula hawahitaji kufundishwa maana ya daraja, kwa kuwa kila msimu huchambua vitunguu vyao, vikubwa mbali na vidogo mbali. Wala hawahitaji kufundishwa maana ya mizani, kwa kuwa lumbesa imekwisha kuwafundisha jinsi gunia lilivyo moja kwa jina na mawili kwa uzito. Kwa hiyo shauri tulilopelekewa na mkazi mmoja wa Ilula, ijapokuwa lahusu dhahabu, si geni kama lionekanavyo.

Mzee huyo aliendesha malori kwa miaka mingi, na sasa amestaafu. Sehemu ya kiinua mgongo chake ataka kuiweka katika kitu kisichooza wala kuliwa na panya. Mwanawe, afanyaye kazi Uingereza, amemwandikia kwamba dukani ameona sarafu mbili za dhahabu za Tanzania za mwaka 1974. Moja ni tupu, imewekwa katika mfuko mdogo tu. Ya pili imefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki kisichofunguka ila kwa kuvunjwa, na juu yake pameandikwa daraja lake kwa tarakimu. Hii ya pili ina bei kubwa zaidi. Mzee alituuliza: “Ndugu Mhariri, sarafu ni zile zile, mwaka ni ule ule. Nikilipa zaidi, nalipia nini?”

Swali hili ni la haki, na yatupasa kulijibu kwa utaratibu.

Kwanza tuijue sarafu yenyewe. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kumbukumbu kwa ajili ya hifadhi ya wanyama pori, zikiwa miongoni mwa sarafu za namna hiyo zilizotolewa na nchi nyingi. Ile ya dhahabu ni ya shilingi 1,500. Upande mmoja ina sura ya Mwalimu Nyerere, na upande wa pili duma. Uzito wake ni gramu 33.437, na katika kila sehemu 1,000 za metali yake, 900 ni dhahabu. Ukizidisha utapata dhahabu halisi ya gramu 30 na kidogo. Jirani zetu nao walikuwa wametangulia: Kenya ilitoa sarafu za dhahabu mwaka 1966 kwa kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta, na Uganda mwaka 1969 kwa ziara ya Papa Paulo wa Sita. Sarafu hizi hazikufanywa ili zikanunue chumvi sokoni. Zilifanywa ziwekwe. Zile shilingi 1,500 zilizoandikwa juu yake hazitoshi leo hata kilo moja ya nyama. Thamani yake imo katika dhahabu, na pengine katika uchache wake.

Sasa tulijue daraja. Mwaka 1949 Mmarekani aitwaye William Sheldon alitunga kipimo cha hali ya sarafu, kuanzia 1 hadi 70. Moja ni sarafu iliyochakaa hata yatambulika kwa shida. Sabini ni ile isiyoonekana dosari hata kwa kioo kikuzacho mara tano. Baadaye yalitokea mashirika ya kufanya kazi hiyo kwa malipo, na makubwa mawili, PCGS na NGC, yalianza kazi huko Marekani mwaka 1986 na 1987. Hupokea sarafu, huichunguza kama ni ya kweli, huipa daraja, kisha huifungia ndani ya kisanduku chenye namba.

Hapana budi tukubali kwamba kazi hiyo ina faida. Walaghai wa siku hizi hutia ndani ya sarafu madini ya tangisteni, ambayo uzito wake kwa ujazo wakaribia sana ule wa dhahabu safi, kisha huyapaka dhahabu juu. Mtu anunuaye kwa barua kutoka kwa asiyemjua aweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisanduku chenye namba humpa ushahidi. Lakini hata ushahidi huo hauna budi kuhojiwa, kwa maana visanduku navyo vimepata kughushiwa. Namba lazima itafutwe katika kumbukumbu za shirika lenyewe, ambazo husomwa katika intaneti, na maelezo yalinganishwe na sarafu iliyomo.

Ila faida ya ushahidi ni jambo moja, na bei ya tarakimu ni jambo jingine. Sarafu ya kale iliyopita mikono mingi, kupata moja iliyo safi ni bahati. Hapo daraja laeleza jambo kubwa. Sarafu za kumbukumbu za zama zetu hutoka kiwandani na kuingia moja kwa moja katika mfuko, hata nyingi zipelekwazo kupimwa hupata madaraja ya juu kabisa. Kati ya 69 na 70 pana alama ambayo jicho la mtu wa kawaida halitaiona, lakini mfuko wake utaihisi.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi watatuelewa. Kahawa hupangwa kwa ukubwa wa punje, na punje kubwa huitwa AA. Lakini mnunuzi mwenye busara huionja kikombeni, kwa kuwa ukubwa si ladha. Vivyo hivyo tarakimu ya kisandukuni yaeleza sura ya sarafu, haiongezi hata chembe moja ya dhahabu.

Tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, gramu moja ya dhahabu ni shilingi 300,000. Dhahabu iliyomo katika sarafu ya duma itakuwa ya shilingi 9,000,000 hivi. Tuseme sarafu tupu yauzwa 9,600,000, na yenye daraja 13,000,000. Siku mzee atakapougua, au mjukuu atakapotakiwa ada, ataiuza wapi? Akiipeleka kwa sonara mjini Iringa, itawekwa juu ya mizani. Hata akienda mbali, akapita Makambako na Mbeya hadi Chunya, nchi ya machimbo ya Lupa ambako dhahabu yajulikana tangu 1922, wenyeji watamwuliza mambo mawili: gramu ngapi, na usafi kiasi gani. Hakuna atakayemwuliza kama duma wake ni wa 67 au wa 69. Kwa bei ya dhahabu peke yake, sarafu tupu itampotezea 600,000. Yenye daraja, 4,000,000. Na sonara naye atakata faida yake.

Mwenye kununua daraja, basi, awe na njia ya kuwafikia wanunuzi wa daraja, yaani wakusanyaji wa sarafu na minada ya ng’ambo. Asiye na njia hiyo hununua ngazi asiyo na ukuta wa kuiegemeza.

Shauri letu kwa mzee wa Ilula lilikuwa hili. Ikiwa mwanao ananunua kwa mtu asiyeonekana, alipe ziada kidogo kwa kisanduku, kwa ajili ya usalama, wala asishindanie tarakimu ya juu. Ikiwa anunua katika duka la watu wanaojulikana, na sarafu yapimwa mbele yake, uzito, upana na unene wake vikawa sawa na vilivyoandikwa, sumaku isiivute, na hati ya malipo ikatolewa, achukue ile tupu. Aitunze bila kuisugua, kwa kuwa usuguaji huharibu uso wake. Naye aihifadhi hati ile, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Mzee alisikiliza, akauliza tofauti ya bei ni kiasi gani katika mfano wetu. Tulipomwambia ni 3,400,000, alinyamaza kidogo, kisha akasema nyumba yake yavuja upande wa jikoni, na bati hupimwa kwa kuhesabiwa.

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dhahabu njema hujiuza kwa uzito wake. Kabla hatujalipia sifa zilizoandikwa juu yake, na tuulize kwanza: siku ya haja, nani karibu nasi atazilipia?