Faida ya kilimo kisicho na udongo imo kwenye mbegu

Mkulima wa viazi wa Nyandarua, Njombe au Kabale akishavuna, viazi vikubwa huingia kwenye magunia kwenda sokoni, vya wastani huliwa nyumbani, na vile vidogo vilivyobaki huwekwa kando kuwa mbegu ya msimu ujao. Mara nyingi kiazi kimekuwa kidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Ndiyo maana mbegu iliyochaguliwa kwa mtindo huo huongeza mzigo wa virusi na bakteria kila inaporudi ardhini, na mavuno hushuka ingawa mkulima amepalilia, ametia mbolea na amepiga dawa kama kawaida. Kenya huvuna kwa wastani chini ya tani 10 za viazi kwa hekta. Wenye mbegu safi na matunzo mazuri huvuka tani 30.

Naanzia kwenye viazi kwa kuwa kila inapotajwa haidroponiki, yaani kukuza mimea kwenye maji yenye virutubisho au kwenye vitu visivyo udongo, mazungumzo hukimbilia saladi, stroberi na mabomba meupe yaliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa. Vijana wanaambiwa wauze pikipiki wanunue mabomba hayo. Biashara hiyo ipo na ina watu inaowalisha, lakini kwa chakula cha walio wengi Afrika Mashariki, faida kubwa ya teknolojia hii iko kwenye kuzalisha mbegu, mahali ambapo wawekezaji wachache hutazama.

Mmoja wa maadui wakubwa wa viazi na nyanya katika nyanda zetu za juu ni mnyauko bakteria. Mmea unanyauka mchana ungali kijani, na siku chache baadaye umekwisha. Kuna kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya shambani: kata shina la mmea unaonyauka, ulisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, usubiri dakika chache. Kama ni bakteria, nyuzi nyeupe za ute zitaanza kushuka kutoka kwenye jeraha kuelekea chini ya glasi. Ugonjwa huu hauna dawa ya kupiga. Hukaa ardhini miaka mingi, na hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima, hasa kwenye maeneo ya baridi. Mkulima akinunua gunia la mbegu kutoka kwa jirani, hununua na ugonjwa, na shamba lililokuwa safi linachafuka.

Njia ya kukata mnyororo huo ni kuzalisha kiazi cha kwanza mahali ambapo udongo haufiki kabisa. Miche midogo huanzia maabara, kwenye chupa, ikiwa haina ugonjwa wowote. Zamani ilihamishiwa kwenye vyungu vya udongo uliochemshwa kwa mvuke, na kila mche ulitoa viazi 5 hadi 10 tu. Kuanzia mwaka 2008 Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima nchini Peru, kilishirikiana na taasisi za utafiti za Kenya, Uganda na Rwanda kuleta eroponiki, ambapo mizizi hulelewa hewani. Hapo mche mmoja hutoa viazi 30 hadi 50, na ukitunzwa vizuri huzidi. Kituo cha utafiti cha Tigoni, Limuru, kiliichukua teknolojia hiyo, na shamba binafsi la Kisima huko Timau likaifanya biashara.

Anayeingia kwenye kitalu cha namna hiyo haoni mabomba ya kupendeza. Anaona masanduku marefu meusi, majani ya viazi yakiwa juu, na kila dakika chache anasikia pampu ikiamka kupuliza ukungu. Ukifunua pazia la ubavuni unakuta mizizi imening'inia gizani, na viazi vimeshikana nayo kama shanga, vingine ukubwa wa punje ya mahindi, vingine vimefikia gramu za kuvunwa. Ngozi yake ina vidoti vyeupe vilivyovimba, ambavyo ni vitundu vya kupumulia vilivyopanuka kwa sababu ya unyevu. Mvunaji huchuma vilivyokomaa, hurudisha pazia, na baada ya siku kadhaa huja tena. Mmea uleule unaendelea kuzaa.

Hesabu ya biashara inakaa vizuri hapa kwa sababu kinachouzwa si kilo za chakula. Kiazi kimoja cha gramu chache hupandwa shambani, kikazaa viazi kadhaa, navyo vikapandwa tena, na baada ya vizazi vitatu vinajaza magunia. Ekari moja huhitaji takriban magunia 16 ya kilo 50. Hivyo gharama ya umeme, mbolea na maabara iliyoingia kwenye kiazi kile cha kwanza hugawanywa kwa maelfu ya sahani za chakula kilichokomaa kwenye udongo wa kawaida, kwa mvua na jua ambavyo havina ankara. Sijaona mazao mengine ya haidroponiki ambayo gharama yake hugawanyika kwa kiasi hicho.

Linganisha na saladi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walikokotoa uzalishaji wa letusi katika eneo la Yuma kwa njia mbili. Kwa haidroponiki ndani ya kitalu nyumba, mita moja ya mraba ingetoa kilo 41 kwa mwaka, na shamba la kawaida kilo 3.9. Kila kilo ya haidroponiki ilihitaji lita 20 za maji, ya shambani lita 250. Takwimu hizi zinanukuliwa sana na wauza vifaa. Nusu ya pili ya utafiti huohuo hutajwa kwa nadra: kilo ya haidroponiki ilikula kilojuli 90,000 za nishati, na ya shambani 1,100. Kilojuli 90,000 ni uniti 25 za umeme. Msomaji anayenunua tokeni au LUKU azidishe mwenyewe, kisha aulize bei ya kilo ya letusi sokoni.

Sehemu kubwa ya nishati hiyo ya Arizona ilikwenda kwenye kupasha na kupoza hewa, na sisi tuna nafuu ya hali ya hewa Limuru, Arusha au Lushoto. Hata hivyo gharama kubwa, umeme ukiwemo, zimeangusha makampuni ya haidroponiki yaliyokuwa na mtaji mkubwa. AeroFarms na AppHarvest za Marekani ziliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2023, Bowery ilifunga milango Novemba 2024, na Plenty ilifuata mkondo wa mahakama Machi 2025. Ngano nayo ilishapigiwa hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hekta moja ya jengo la ghorofa 10 inaweza kinadharia kutoa tani 700 hadi 1,940 kwa mwaka, na waandishi wake wenyewe wakasema gharama ya taa inaifanya isiweze kushindana sokoni. Kwa mahindi huna haja ya utafiti: hata shamba linalotoa tani 10 kwa hekta, ambazo kwetu ni wachache wanaozifikia, linatoa kilo moja tu kwa mita ya mraba kwa msimu. Hakuna nailoni, pampu wala mkopo unaoweza kulipwa na kilo moja ya mahindi.

Wanaofanikiwa kwenye mboga za majani ni wale walioanza na mnunuzi. Hoteli ya Zanzibar inayotaka rihani na letusi kila Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima, inalipia uhakika huo. Ila pwani kuna shida ya joto ambayo muuzaji wa vifaa hataitaja. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubaki na 7.5. Mizizi inahema kwa shida, kuvu wa kuozesha huingia, na kitalu kizima hugeuka kahawia kwa siku chache. Tangi lifukiwe ardhini au liwekwe kivulini kabla mche wa kwanza haujapandwa. Mbolea nazo zinahitaji mapipa mawili: naitreti ya kalsiamu ikae peke yake, mbali na salfeti na fosfeti, kwa kuwa zikikutana zikiwa nzito huganda kuwa unga usioyeyuka, na pesa hubaki chini ya pipa.

Kwenye nyanya hoja huwa tofauti tena. Wakulima wengi walijenga vitalu nyumba, wakavuna vizuri misimu michache, kisha mnyauko ukaingia na hawakuweza kuhamisha jengo. Hao wana sababu ya kweli ya kuachana na udongo. Hawahitaji mashine: mifuko ya jiwe jepesi la volkano kutoka Naivasha, au chenga za makumbi ya nazi, na matone ya maji yenye mbolea, vinatosha. Makumbi yasafishwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, kwa sababu hushika chumvi, na ile ya pwani inaweza kuua miche kabla haijashika. Oman walifika hapo kwa njia yao. Kwenye ukanda wa Batinah maji ya visima yameingiwa na chumvi na udongo umejaa minyoo ya mizizi, na wakulima wa matango wakahamia kwenye vitalu visivyo na udongo.

Wafugaji wanaouziwa trei za kuotesha shayiri wapime vilevile. Kilo moja ya nafaka huwa kilo 6 au zaidi za majani kwa wiki moja, lakini sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, na lishe kavu iliyomo huwa pungufu kuliko ile iliyokuwa kwenye punje. Kwenye kambi za wakimbizi Wasahrawi huko Tindouf, Algeria, ambako mbuzi hawana kijani chochote, ilikuwa msaada mkubwa. Penye matete ya ng'ombe hesabu hubadilika.

Nirudi kwenye mbegu, kwa sababu eroponiki nayo ina udhaifu. Mizizi iliyo hewani haina akiba. Pampu ikisimama mchana wa jua, mimea inaweza kuangamia kwa saa chache, na Kenya ilizimika karibu nchi nzima mara tatu kati ya Agosti na Desemba 2023, wakati Tanzania ilikuwa kwenye mgawo uliodumu hadi bwawa la Nyerere lilipoanza kufua umeme Februari 2024. Bila jenereta inayojiwasha yenyewe, kitalu hicho ni kamari. Ndiyo maana wazalishaji wengi wa Kenya wamegeukia vipandikizi vyenye mizizi: mche wa maabara hukatwa ncha zake tena na tena, na kila ncha huoteshwa kwenye trei ya makumbi. Stokman Rozen ya Naivasha, iliyozoea maua, huviuza kwa wakulima wa viazi. Kipandikizi kimoja shambani hutoa viazi 7 hadi 10, wakati mwingine zaidi, na hakuna nozeli ya kuziba.

Muhogo umepata njia inayofanana. Kwa kawaida shina moja hutoa vipande 10 hivi vya kupanda kwa mwaka, kasi ndogo mno mbele ya magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, Ibadan, sasa huzidisha miche safi kwenye visanduku vya plastiki vyenye tope laini la virutubisho, ikikata na kupanda upya kila baada ya wiki chache.

Kinachokosekana ni fedha zinazosubiri. Mwenye kitalu huuza leo, lakini anayenunua vipandikizi 1,000 hupata mbegu ya kuuza baada ya msimu mmoja au miwili, wakati mkopo wa simu unadaiwa ndani ya siku 30. Halmashauri na kaunti zinazogawa vitalu nyumba vya nailoni kwa vikundi vya vijana zingeweza kutumia fedha hizohizo kudhamini maagizo ya vipandikizi kwa vikundi vyenye ekari moja safi, mbali na mashamba ya viazi, na kulipia ukaguzi wa mbegu wa KEPHIS kwa Kenya au TOSCI kwa Tanzania. Maagizo hayo yatolewe mapema, kwa sababu kitalu huzidisha ncha kwa kuagizwa, na anayepiga simu mvua za Machi zikiwa zimeshaanza huambiwa asubiri Oktoba.