Kamera Yenye Vipengele Vichache: Yamfaa Nani?

Kila mwaka, mahindi na maharage yanapouzwa katika Uwanda wa Ufipa, zipo kaya zinazotenga fedha kidogo kwa ajili ya chombo cha kudumu. Kwa baadhi ya vijana chombo hicho ni kamera, kwa matumaini kwamba harusi, mahafali na sherehe za kipaimara zitarudisha fedha iliyotumika. Fedha hiyo ikiishia kwenye kamera isiyofaa, nyingine haipatikani mpaka mavuno yajayo. Sehemu hii ya kijitabu inamsaidia mlaji kujibu swali moja kabla hajalipa: je, kamera sahili, yenye vipengele vichache, inatosha kwa kazi yake?

Jibu kwa ufupi ni hili. Kamera sahili yamfaa mtu ambaye mwanga, umbali na kazi yake havibadiliki, pamoja na yule anayepiga picha kwa ajili yake mwenyewe na yu radhi kuzikosa baadhi. Haimfai anayelipwa kupiga picha zisizoweza kurudiwa, mahali ambapo si yeye aliyepachagua. Maelezo yafuatayo yanaonyesha kwa nini.

Kamera sahili ni ipi?

Kamera sahili ni ile yenye lenzi moja isiyobadilishwa na vitufe vichache, ambayo hufanya maamuzi mengi yenyewe. Kamera za namna hii si jambo geni. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza Brownie, kisanduku chenye lenzi ya kawaida kabisa, kwa bei ya dola moja. Mwaka 2016 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa kamera ya kidijiti, M-D, isiyo na kioo cha kutazamia picha kwa nyuma, kwa bei ya karibu dola 6,000. Zote mbili zina vipengele vichache, ila kwa sababu tofauti. Katika ile ya kwanza, vipengele viliondolewa ili bei ishuke. Katika hii ya pili, viliondolewa vile ambavyo mpiga picha mzoefu anaweza kuishi bila navyo, na vile vya kuongoza mwanga vikaachwa mikononi mwake.

Kwa hiyo neno “rahisi kutumia” likiandikwa kwenye boksi halimwambii mlaji lolote juu ya ubora. La kuangalia ni vipengele vilivyobaki. Picha hutegemea mambo matatu: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao kamera hujifungua kupokea mwanga, na wepesi wa kamera kuuhisi mwanga huo. Kamera inayomruhusu mtumiaji kubadili mambo haya inaweza kufanya kazi nyingi, hata ikiwa na vitufe vichache. Kamera isiyomruhusu kubadili hata moja itafanya vizuri ile kazi tu iliyokusudiwa na mtengenezaji.

Maswali manne ya kujiuliza

Swali la kwanza ni mwanga. Tundu la lenzi huandikwa kwa namba, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi iliyoandikwa 2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile iliyoandikwa 5.6. Kamera za picha za papo hapo, kama zile za mfululizo wa Instax Mini wa Fujifilm, kwa kawaida huwa na namba 12.7, yaani mwanga unaopita ni mdogo takriban mara 20 kuliko wa lenzi ya 2.8. Ndiyo maana hutegemea mmweko hata chumbani. Mmweko wa kamera ndogo kwa kawaida huangaza mita chache tu. Ndani ya kanisa utamulika migongo ya waumini walio karibu, na maharusi walioko altareni watabaki gizani.

Swali la pili ni umbali. Baadhi ya kamera hukuza kwa lenzi, na nyingine hukuza kwa kidijiti. Kukuza kwa lenzi hukivuta kitu cha mbali bila kupunguza ubora. Kukuza kwa kidijiti ni kukata kipande cha picha na kukitanua, na matokeo yake ni picha yenye ukungu. Muuzaji akisema kamera “inavuta mara kumi”, muulize inavuta kwa njia ipi.

Swali la tatu ni mwendo. Mtu aliyeketi kwa ajili ya picha ya pasipoti hasogei. Wachezaji wa ngoma na bibi harusi anayeingia ukumbini hawamsubiri mpiga picha. Kamera sahili nyingi huchelewa kidogo baada ya kitufe kubonyezwa, na ucheleweshaji huo hautoshi kuharibu picha ya pasipoti, lakini unatosha kuikosa tabasamu.

Swali la nne ni matumizi ya picha. Picha ya kusafishwa kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 inahitaji nukta milioni 2 na kidogo tu. Picha ya kujaza karatasi ya A4 inahitaji nukta milioni 9 hivi. Asiyekusudia kutengeneza mabango makubwa hana sababu ya kulipia mamilioni ya nukta asizozihitaji.

Mahitaji yanatofautiana

Mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti mjini Sumbawanga ana taa zake, kiti chake na pazia lake. Umbali wa kiti na kamera ni ule ule asubuhi na jioni. Huyu anaweza kufanya kazi miaka mingi kwa kamera sahili, mradi lenzi yake haipindishi uso wa mtu anapokaribiwa na rangi zake ni za kweli. Fedha inayobaki itamfaa zaidi akinunua taa bora na mashine ya kuchapa.

Familia ya Laela inayotaka kumbukumbu za watoto haina mteja wa kulalamika. Hata hivyo inapaswa kujiuliza kwanza kama simu iliyopo nyumbani haifanyi kazi hiyo tayari. Kamera nyingi ndogo za bei ya chini hazizidi simu nzuri kwa ubora wa picha. Zina manufaa mengine: mtoto anaweza kujifunzia, na picha hazipotei siku simu inapoibwa au kuharibika. Anayenunua kwa sababu hizo hajakosea.

Bwana shamba, au katibu wa chama cha ushirika anayetunza kumbukumbu za mashamba na maghala, huhitaji kamera inayowaka upesi, yenye tarehe sahihi, inayostahimili vumbi na kuanguka. Kwake vitufe vingi ni kero, kwa kuwa kamera hiyo hupita mikononi mwa watu kadhaa. Kamera sahili na imara yamfaa kabisa.

Anayependa mandhari, anayeshuka kutoka Matai hadi Maporomoko ya Kalambo kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, anahitaji zaidi uwezo wa kuongoza mwanga. Maji meupe yanayoanguka zaidi ya mita 200 mbele ya mwamba mweusi huichanganya kamera inayojiamulia kila kitu. Huyu anaweza kuridhika na lenzi moja, mradi awe na namna ya kuipunguzia au kuiongezea picha mwanga.

Mpiga picha wa harusi na mahafali ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu kuliko wote. Kwa siku moja huanzia nyumbani kwa bibi harusi, huingia kanisani, hutoka kwenye jua kali la saa saba, na kumalizia ukumbini usiku. Hachagui mwanga wala umbali, na kiapo cha ndoa hakirudiwi kwa sababu kamera imechelewa. Wapo wapiga picha mahiri duniani wanaofanya kazi hii kwa lenzi moja na vitufe vichache, lakini kamera zao ni zile zilizobakiza uwezo wote wa kuongoza mwanga, na wao wana uzoefu wa miaka. Anayeanza hana vyote viwili. Kwake kamera ya lenzi za kubadilishwa, hata iliyokwishatumika, yenye mahali pa kufunga mmweko wa nje, ni salama zaidi kuliko kamera sahili iliyo mpya.

Gharama isiyoandikwa kwenye boksi

Bei ya kamera ya papo hapo huvutia, ila kila picha hulipiwa. Tuchukue bei ya mfano: pakiti ya karatasi 10 ikiuzwa shilingi 25,000, kila picha ni shilingi 2,500. Zikiharibika mbili, zile nane zilizobaki zimegharimu shilingi 3,125 kila moja. Mlaji aulize pia karatasi hizo zinapatikana wapi. Zikiwa zinapatikana Mbeya tu, ziko zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga, na nauli au gharama ya kuzisafirisha ni sehemu ya bei. Vivyo hivyo kwa betri: kamera inayotumia betri za kawaida za dukani itaendelea kufanya kazi kijijini, na ile yenye betri ya umbo lake la pekee itasimama siku betri hiyo itakapokufa.

Hali ya hewa ya Ufipa nayo ina gharama. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bonde la Ziwa Rukwa liko chini yake kwa takriban mita 1,000. Baridi ya Juni na Julai hupunguza nguvu ya betri. Kamera iliyolala kwenye baridi ya uwandani ikiteremshwa bondeni Muze kwenye joto na unyevu, lenzi yake hufunikwa na ukungu. Ifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki mpaka ipate joto la mahali hapo, ndipo itolewe. Lenzi isiyobadilishwa ina faida hapa, kwa sababu vumbi la kiangazi halina mlango mkubwa wa kuingilia kila lenzi inapobadilishwa.

Jihadhari na namba kubwa

Baadhi ya kamera za bei ya chini huandikwa kwenye boksi nukta milioni 40 au zaidi, ilhali sehemu inayopokea mwanga ndani yake ina nukta chache sana. Kamera huzizidisha kwa hesabu, pasipo kuongeza taarifa yoyote mpya katika picha. Mlaji aombe kupiga picha palepale dukani, aikuze kwenye kioo, na atazame kama maandishi madogo yaliyo ukutani yanasomeka.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa hizo kazi anayoikusudia na kutegemea utaalamu wake: bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha.

Ulinzi huo una mipaka miwili ambayo mlaji aifahamu. Mnunuzi anayeagiza bidhaa kwa jina lake la kibiashara tu, bila kueleza kazi, anaweza kuukosa. Vilevile, aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa sababu hiyo, usiseme “nipe hii” huku ukinyoosha kidole. Sema: “Nataka kamera ya kupigia picha za harusi, ndani ya kanisa na ukumbini usiku.” Kisha ikague kwa makini.

Kabla ya kulipa

1. Andika kazi tatu utakazozifanya mara nyingi zaidi kwa kamera hiyo, na ujibu maswali manne kwa kila kazi.
2. Linganisha picha ya kamera hiyo na picha ya simu yako, mahali pamoja na wakati mmoja.
3. Piga picha penye mwanga hafifu na ya mtu anayetembea, siyo mlangoni kwenye jua pekee.
4. Jumlisha bei ya kamera, kadi ya kumbukumbu, betri ya akiba, chaja na karatasi za picha.
5. Kwa kamera iliyokwishatumika, kagua lenzi kwa kuielekeza kwenye mwanga uone kama ina ukungu, kuvu au mikwaruzo.
6. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki inayotaja aina ya kamera, na dhamana iliyoandikwa yenye muda wake.

Ikiwezekana, azima au kodi kamera ya aina unayoikusudia kwa siku moja na ufanye nayo kazi halisi. Siku moja ya harusi ya jirani, bila malipo na bila ahadi, itakuonyesha kamera hiyo inakomea wapi kabla hujatoa fedha ya mavuno.