Kioo Kinachojiwakia (2): Kazi ya Chembe za Fedha

Wiki iliyopita tuliona jinsi Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walivyoeleza mwaka 1987 taa ya molekuli za kaboni isiyofikia hata sehemu ya mia ya unene wa unywele. Leo tuutazame ugonjwa wake, ambao mafundi simu wa Mwenge na Mbagala wanaufahamu vizuri: kioo cha simu cha amoledi, kinachowaka kwa taa hizo, kinabaki na kivuli cha kibodi hata ukifungua picha nyingine. Kivuli hicho hakifutwi na programu yoyote. Dawa ni kubadilisha kioo, na kioo orijino si cha bei ya kuchezea.

Chanzo ni molekuli zenyewe. Umeme ukipita, molekuli hupokea nishati, hukaa nayo kitambo kidogo mno, kisha huitoa ikiwa mwanga. Hatari imo katika kitambo hicho. Ni sawa na kubeba sufuria ya moto kwa mikono mitupu: ukiitua upesi, huungui. Molekuli iliyochelewa hukumbana na nyingine yenye nishati, viungo vyake vya kikemia hukatika, na sehemu ile hufifia. Rangi ya bluu huumia zaidi, maana nishati yake ni kubwa.

Sasa, metali ina elektroni zinazotembea huru. Ikiwa umbali wa nanomita chache tu kutoka kwenye molekuli, huipokonya nishati haraka sana, kabla haijaumia. Kwa miaka mingi wahandisi walilikwepa jambo hili, kwani nishati ikishamezwa na metali huishia kuwa joto. Mwaka 2020, watafiti wa Universal Display Corporation walieleza katika jarida la Nature njia iliyo kinyume: waliziweka molekuli karibu na elektrodi ya fedha kwa makusudi, kisha wakatandaza vijimchemraba vya fedha vya kuirudisha nishati hiyo nje. Asilimia 16 ya nishati iliyomezwa ilitoka ikiwa mwanga, na taa ikadumu mara mbili zaidi kwa mwangaza uleule.

Matangazo ya simu husifu mng'ao. Kwangu mimi, kudumu ndiko kwenye uzito. Anayenunua simu ya mtumba Tandika hupokea molekuli zilizokwisha kuchoshwa na mwenye simu wa kwanza, na yeye ndiye atakayemlipa fundi.

Wiki ijayo: kwa nini mchemraba, na si tufe.