GAUNI LENYE MKIA WA KANGA TANO



Hivi karibuni tulitembelea darasa moja la kisomo cha kujiendeleza. Mzee mmoja alisimama, akatuuliza swali. Binti yake anaolewa. Naye anataka gauni jeupe lenye mkia mrefu na mikono iliyofura, kama lile aliloliona katika picha ya zamani. Je, mzee auze mtamba wake wa pekee ili alinunue?

Hatukumjibu palepale. Tulitaka kwanza kueleza mtindo huo ulitoka wapi.

Harusi ya mwaka 1981

Mtindo huo ulivuma sana Uingereza na Marekani katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo, mabibi harusi wengi wa huko walivaa magauni mepesi, yasiyo na makuu. Kisha ikaja harusi ya tarehe 29 Julai, 1981. Siku hiyo Diana Spencer, msichana wa miaka 20, aliolewa na Charles, mtoto wa Malkia wa Uingereza. Harusi ilifungwa katika kanisa la St Paul's, London. Mamilioni ya watu katika nchi nyingi waliitazama kwenye televisheni.

Gauni lake lilishonwa na David na Elizabeth Emanuel, mtu na mkewe. Lilikuwa la hariri. Mikono yake ilifura kama maputo. Lilishonewa lulu ndogondogo zipatazo 10,000. Mkia wake ulikuwa na urefu wa zaidi ya meta 7 na nusu. Ukitaka kujua urefu huo, tandika kanga tano chini, moja mbele ya nyingine. Huo ndio mkia!

Kumbe ukubwa una taabu yake. Diana alikwenda kanisani kwa gari la farasi, pamoja na baba yake. Nafasi ndani ilikuwa ndogo, na nguo ni nyingi. Basi mkia ukakunjwa na kubanwa. Aliposhuka, gauni lilikuwa na mikunjo tele, na dunia ikaona.

Kwa nini watu waliiga?

Kwanza, televisheni iliwafikishia watu picha ile nyumbani kwao. Pili, viwanda vilitengeneza vitambaa vya nyuzi za kiwandani vilivyong'aa kama hariri, kwa bei nafuu zaidi. Tatu, miaka ile kuvaa kwa fahari kulipendwa. Michezo ya televisheni ya Marekani, kama Dynasty, ilionyesha matajiri waliovaa nguo za mabega makubwa.

Lakini mtindo haukudumu. Katika miaka ya 1990 yakaanza kupendwa magauni membamba, yasiyo na mapambo mengi. Yale makubwa yakaonekana ya kizamani. Na ndoa ya Diana je? Iliishia kwa talaka mwaka 1996. Hatusemi gauni ndilo lililoivunja. Tunasema tu kwamba gauni halikuweza kuilinda.

Jibu letu kwa mzee

Mzee wetu, gauni lile lilishonwa kwa ajili ya harusi ya kifalme. Palikuwa na zulia la kupita, na wasichana wa kuubeba mkia. Kwetu mkia kama huo utaburuzwa vumbini.

Binti apendeze, hilo ni haki yake. Usimkaripie. Kaa naye, pamoja na mama yake, mhesabu gharama zote. Ulizeni bei ya kukodi gauni. Ulizeni pia fundi wa karibu anaweza kushona nini kwa kitambaa cha bei nafuu. Gauni litavaliwa siku moja. Mtamba akizaa, maziwa yatanyweka miaka mingi. Tena huyo mtamba anaweza kuwa zawadi yako kwa binti siku ya harusi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mkia wa gauni la Diana ulikuwa na urefu gani?
2. Kwa nini gauni lilipata mikunjo?
3. Katika harusi za kijiji chenu, ni gharama ipi mnayoweza kuipunguza bila kumwondolea bibi harusi heshima yake?