Upangaji wa Diski Kubwa za Seva



Seva moja yaweza kubeba kompyuta pepe kadhaa: moja ya daftari la wanachama, nyingine ya hesabu za mazao, nyingine ya malipo. Gharama hupungua, lakini diski zikiharibika, vyote hupotea kwa pamoja.

Tuchukue diski 4, kila moja ya terabaiti 12. Zikipangwa kwa RAID 5, nafasi ya kutumia ni terabaiti 36, na diski 1 tu ndiyo yaweza kufa bila hasara. Diski mpya itakayowekwa badala yake, hata ikijazwa kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde, huchukua karibu saa 17. Diski ya pili ikifa katika muda huo, daftari zote zimepotea. RAID 6 hutoa terabaiti 24, lakini hustahimili kufa kwa diski zozote 2. RAID 10 hutoa nafasi hiyohiyo na huandika upesi zaidi. Ila diski 2 za jozi moja zikifa, hakuna wokovu.

Hata hivyo, mipango hii si badala ya nakala ya akiba. Daftari likifutwa kwa makosa, hufutika katika diski zote. Basi kila jioni nakala itolewe, ihifadhiwe katika jengo jingine, na kila mwezi ijaribiwe kwa kurudishwa.

Kabla ya kutia sahihi ya ununuzi, Katibu amwulize fundi: diski 2 zikifa leo, daftari za wanachama zitatoka wapi?