Nondo Ipimwe kwa Mizani

Wiki hii tuiache siasa kidogo, twende dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi. Mjini hapa kila mtu anajenga. Anajenga mwalimu, anajenga dereva wa daladala, anajenga mama ntilie kwa kudunduliza tofali moja moja. Saruji tunahesabu mifuko, mchanga tunahesabu malori, lakini nondo karibu sote tunanunua kwa macho.

Mimi nami nilinunua kwa macho. Nilikuwa nafunga lenta ya nyumba yangu, nikaagiza nondo 20 za milimita 12. Zikafika kwa mkokoteni, zimekunjwa katikati kama kawaida, zinang'aa. Fundi akaishika moja, akaizungusha kiganjani, akasema, "Mzee, hii kumi na mbili imekonda." Nikadhani ananitafutia sababu ya kuongeza hesabu yake. Tukaipeleka kwa jirani muuza mahindi, mwenye mizani ya magunia. Ikasoma kilo 8.9.

Je, ilipaswa kusoma ngapi? Hesabu yake haihitaji chuo. Chukua unene wa nondo kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa 162. Jibu ni kilo za mita moja. Hiyo 162 haikutoka hewani: mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,850, nondo ni duara, na wahandisi wakishafupisha hesabu ya duara na uzito huo hubaki na namba hiyo moja.

Basi kwa nondo ya 12: mara 12 ni 144, gawa kwa 162, unapata kilo 0.889, yaani gramu 889 kwa mita. Nondo nzima ni mita 12, kwa hiyo inapaswa kuwa kilo 10.67. Kwa njia hiyo hiyo, nondo nzima ya milimita 8 ni kilo 4.74, ya 10 ni kilo 7.4, na ya 16 ni karibu kilo 19. Ziandike nyuma ya risiti.

Sasa turudi kwenye ile yangu ya kilo 8.9. Ukiirudisha nyuma hesabu, utaona ni chuma cha milimita 11. Muuzaji, nilipomrudia, alicheka: "Mzee, milimita moja tu!" Hapo ndipo wengi tunapopotea. Tunadhani kupungua moja katika 12 ni kupoteza sehemu moja ya 12. Sivyo. Unene unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo 121 dhidi ya 144 ni upungufu wa asilimia 16, karibu sehemu moja ya sita. Ukiuziwa ya 10 kwa jina la 12, chuma kimepungua kwa asilimia 31. Na nguvu ya nondo kuvutwa bila kukatika inategemea kiasi hicho cha chuma. Kwa nondo zangu 20, zilikosekana kilo 35 hivi. Ni sawa na kulipia nondo tatu na ushei ambazo hazikupanda mkokotenini.

Wako wanaosema dawa ni kununua kwa tani. Kwa upande wa fedha, kweli. Mizani ya tani haidanganywi na wembamba. Tani moja ya nondo za 12 ni takriban vipande 94, na ukipewa 110 usishangilie, maana umepewa nyembamba. Mchoro wa mhandisi unasema nguzo ifungwe nondo nne za 12, na fundi ataweka nne. Hataweka tano kwa sababu zako zimekonda. Fedha yako imerudi, lakini nguzo haikurudishiwa kitu.

Kupima kwa rula nako hakutoshi. Nondo za siku hizi zina mbavu zilizotuna pembeni, na kipimo kikikaa juu ya mbavu kitasoma kikubwa kuliko mwili wenyewe. Urefu nao uupime kwa tepu, kwani nondo iliyokunjwa huficha nusu mita bila shida. Ukiwa huna mizani ya magunia, chukua kipande kilichobaki saiti, kikate mita moja kamili, ukipeleke kwa muuza sukari. Cha 12 kikisoma gramu 750, umeshajua.

Tusimwonee mfanyabiashara mwaminifu. Kiwanda hakiwezi kutoa nondo zote sawasawa, na viwango huruhusu tofauti ndogo. Kiwango cha Uingereza, BS 4449, huruhusu asilimia 4.5 kwa nondo nene kuliko milimita 8. Kwa hiyo ya 12 ikisoma kilo 10.2, ichukue bila ugomvi. Ya kilo 8.9 si tofauti ya kiwandani.

Nyumba huanguka kwa mengi: zege lenye maji mengi, udongo mbaya, ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi usioitarajia. Lakini hayo yana dalili unazoweza kuziona. Nondo ikishamiminiwa zege haionekani tena, na nafasi ya kuipima ni ile asubuhi mkokoteni ulipofika.

Zangu zilirudi dukani siku ile ile. Muuzaji alikubali kubadilisha 18. Mbili zilikuwa zimeshakatwa, fundi akazitumia kwenye karo la nje.